Chapa Yangu Kwenye Mlango wa Mto

Zile nguzo za hifadhi nilizichonga mimi. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo kuna watu wanasema zililetwa na lori kutoka Nairobi, na nikiwasikia damu inanichemka. Lori gani? Nguzo kumi na mbili na vibanda vitatu, kila shimo lilichimbwa kwa mtaimbo wangu, kila boriti ilipita kwenye bega hili. Kama kulikuwa na mtu mwingine Garissa miaka ile aliyeweza kusimamisha gogo la mkoma likasimama wima kwa kulitazama tu, bila timazi, ajitokeze. Namsubiri.

Shule sikusoma. Darasa la tatu, basi. Ukame ulimaliza ng'ombe wa baba, nikateremshwa mjini nikavute maji kwa mkokoteni wa punda, kutoka mtoni mpaka kwenye mabulla, mitaa ya pembeni mwa mji, ambako watu walikuwa wameanza kujazana. Baadaye nikamkuta fundi mmoja Mkamba aliyenishikisha randa na msumeno, na aliporudi kwao nikabaki na karakana yake. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na mashine ya kuchomelea, ya kwanza upande ule wa barabara, na nusu ya mji ilikuwa inalala kwenye vitanda vyangu. Hakuna aliyenipa. Wenzangu waliosoma mpaka wakachoka walikuwa wanakuja karakana kuniomba kazi ya kupiga msasa.

Na kila kitu nilichokitengeneza nilikipiga chapa. Hii chapa lazima niieleze, maana bila hiyo maneno haya yote hayana mguu. Ilikuwa chapa ya ngamia wa baba, sumad tunaiita, mstari mmoja uliosimama na nukta mbili upande wa kulia. Baba aliichoma kwenye shingo za ngamia wake, ili ngamia akipotelea Tarbaj au akionekana Buna, mtu yeyote ajue ni wa nyumba gani. Ngamia waliisha, chuma kikabaki. Hooyo, mama yangu, alinipa siku nilipofungua karakana. Wenzangu walipaka rangi mabango yenye majina marefu, mimi nilikipasha moto kile chuma nikachoma kitanda, mlango, mkokoteni. Mtu akikaa kwenye benchi mahali popote mjini, akigusa chini ya ubao kwa vidole, anajua amekalia kazi yangu.

Siku moja akaja afisa wa hifadhi. Hifadhi yenyewe ilikuwa nje ya mji, kando ya Tana, wametengewa twiga. Alikuwa kijana wa kutoka Kenya. Ndivyo tulivyokuwa tukisema sisi, ukivuka daraja umeenda Kenya, na aliyevuka kuja kwetu ametoka Kenya. Alikuwa na viatu vizuri na shahada ya chuo kikuu. Akasema wanataka kuchora njia ya wageni kutembea kwa miguu, na kandokando yake nguzo zenye mbao za maelezo: huu mti ni gani, huyu ndege anakula nini. Halafu vibanda vitatu vyenye mabenchi, mgeni apumzike kivulini huku anasoma.

"Mzee, hii kazi ya nguzo utaiweza?" akaniuliza. Mzee! Nilikuwa sijafika arobaini.

"Kile kitanda ulicholalia jana pale nyumba ya wageni," nikamwambia, "kiulize kilitengenezwa na nani."

Akacheka. Nikapata kazi.

Njia yao ilianzia getini, ikapita kwenye vichaka vya mswaki, ikaishia mtoni, pale hasa kwenye malka. Malka ni mlango wa mto. Kingo za Tana sehemu ile zimesimama kama ukuta na msitu umebana, ng'ombe hawezi kushuka popote anapopenda, atavunjika mguu au ataliwa na mamba. Anashuka kwenye malka, penye mteremko na mchanga mgumu. Malka ile walikunywa ng'ombe wa nyumba mbili, nyumba yetu na nyumba aliyoolewa dada yangu. Tangu lini, hakuna anayejua. Wazee walikuwa wameshakubaliana na wenye hifadhi kwamba mifugo itaendelea kushuka pale wakati wa jilaal, kile kiangazi chetu kirefu, twiga upande huu na ng'ombe upande ule. Hapo hapakuwa na ugomvi. Sitaki mtu aseme hifadhi ilitufungia maji. Aliyefunga maji nitamtaja.

Nilifanya ile kazi vizuri kuliko walivyostahili. Magogo ya mkoma, niliyapaka oili chafu miguuni yasiliwe na mchwa. Mapaa niliyaezeka kwa mikeka ya wanawake wetu, ile ya kufunikia nyumba za kuhama, tabaka mbili, na mabenchi niliyaunga kwa vigingi bila msumari hata mmoja. Halafu mbao za maelezo zikafika, zimefungwa kwa karatasi, zimeshaandikwa tayari. Kazi yangu ilikuwa kuzitundika tu.

Mimi nasoma. Nasoma polepole, kidole kikitangulia, lakini nasoma. Ubao wa kibanda cha mtoni ulikuwa na Kiingereza juu kwa herufi kubwa, na Kiswahili chini kwa herufi za kuwatesa watu. Niliusoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Uliandikwa kwamba mahali hapa pamebaki kama palivyoumbwa, na hakuna binadamu aliyewahi kuishi hapa.

Hooyo alinizaa chini ya mti, hatua mia mbili kutoka kwenye ule ubao. Mti wenyewe bado upo. Babu yangu amezikwa ng'ambo ya kichaka. Ule mchanga mgumu wa malka, nani aliukanyaga ukawa mgumu? Twiga?

Nikamfuata afisa, alikuwa kwenye gari anakunywa soda.

"Haya maneno ameandika nani?"

"Wataalamu."

"Wataalamu walimuuliza nani?"

"Mzee," akasema, wala hakuniangalia, "wewe fanya kazi ya mikono. Ya kichwa tuachie sisi."

Nimetukanwa maishani. Nimetukanwa nikiwa na punda, nimetukanwa na askari wa kizuizi cha barabarani, nimetukanwa na watu wa ukoo wangu wakati sina kitu. Hayo yote yamepita. Hili la soda halijapita.

Kesho yake nilikuja na jiko la makaa, mvukuto na chuma cha baba. Nikaanza nguzo ya getini. Nikachoma chapa usawa wa kifua, moshi ukapanda, nikaenda ya pili. Zote kumi na mbili. Nilipofika kibanda cha mtoni, penye ule ubao wao, nilichoma mara tatu, nikakigandamiza chuma na kukirudia mpaka mstari ukawa mpana kama kiganja. Nilikuwa najisemea kwa sauti kama mwendawazimu: wao wameandika, na mimi nimeandika. Tutaona ya nani yatafutika kwanza.

Afisa akapita. "Ni nini hiyo?"

"Jina la fundi."

Akainamisha kichwa, akatazama. "Si mbaya. Inaleta utamaduni kidogo."

Nilirudi mjini nimejaa. Niliona nimeshinda.

Jilaal ikaingia. Malisho ya ndani yakakauka, watu wakaanza kusogea mtoni. Asubuhi moja shemeji yangu, mume wa dada, akasimama mlangoni mwa karakana. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Assalaamu alaykum."

"Wa alaykum salaam, shemeji! Ingia, keti, chai hii hapa."

"Chai sitaki."

Kwetu mtu akikataa chai yako asubuhi, weka chini kilicho mkononi. Nikaweka nyundo.

"Nimekuja kuomba ruhusa," akasema.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya maji."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tumefika malka jana adhuhuri," akasema. "Nguzo ya kwanza nikaona chapa yako. Nikawaambia watu, huyu fundi anajitangaza, tunamjua, akipiga chafya anataka redio itangaze. Ya pili. Ya tatu. Tukafika penye maji. Chapa tatu, pana hivi. Baba akasimama."

"Shemeji..."

"Baba yangu amekunywa pale wewe hujazaliwa. Akaangalia, akawageuza ng'ombe. Wamekwenda kutafuta malka ya kusini, siku moja na nusu kwa ng'ombe wenye kiu. Ndama wawili wameshaanguka."

"Wallahi sikukusudia. Ni alama ya fundi tu. Mbona hata kitanda chako..."

"Kitanda changu hakinywi maji," akasema. "Usiape. Umeandika. Zile mbao za serikali sisi hatuzisomi, lakini hii tunaisoma hata tukiwa vipofu, kwa kupapasa."

Hapo ndipo nikaelewa, na ningependa kusema nilielewa kwa unyenyekevu, lakini ningekuwa nadanganya. Kila mtoto wa wafugaji anajua. Chapa kwenye mnyama ni ya mwenye mnyama, lakini chapa kwenye mti ulio penye maji ni neno jingine kabisa. Inasema: maji haya yana mwenyewe, mwombe kwanza. Ukipita bila kuomba umeanzisha vita. Ukiomba umekiri kwamba si yako. Yule mzee hakutaka vita na watu wa mkwe, na hakuwa tayari kuomba maji yake mwenyewe. Akabakiwa na njia ya tatu, ya kuondoka na kiu yake. Niliyajua hayo yote tangu nikiwa sina meno. Miaka ishirini ya vitanda na milango ya mji ilikuwa imeyafukia, nikaenda kuchoma mlango wa mto kana kwamba ni mlango wa duka.

"Vijana wetu wanataka kupita kwa nguvu," shemeji akasema. "Baba amewazuia mpaka Ijumaa. Baada ya hapo mimi siwezi kumshika mtu mkono."

Mtu mwenye akili angesema nimekosa, samehe. Mimi hasira ilinipanda kichwani, hasira ya yule afisa, nikaimwagia mtu asiyehusika. Nikamwambia: "Mimi angalau nimejenga pale. Nyinyi mmejenga nini?"

Akajifuta vumbi la kope.

"Dada yako anakusalimu," akasema. "Anauliza hivi: kama kwa darasa la tatu umetufungia mto, ungefika la nne ingekuwaje?"

Akaondoka. Chai ilipoa pale kwenye benchi.

Mchana hooyo akaja na fimbo yake, habari zilishamfikia. Hakuniamkia. Alikwenda moja kwa moja pale ninapotundika vyombo, akakichomoa kile chuma, akakifunga kwenye shuka. "Nilikupa chuma cha ngamia," akasema. "Sikukupa cha mto." Akatoka. Mimi, mwenye nyumba ya mawe na mashine, nimenyang'anywa kifaa mbele ya wateja kama mtoto.

Alhamisi wazee wa nyumba zote mbili wakakutana kule malka. Na wakae wapi? Kivuli chenye mabenchi kilikuwa kimoja tu. Wakaketi kwenye kibanda changu, wazee wanane wazima, na naandika kwa fahari kwamba hakuna benchi lililolia. Tangu kijengwe hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa amekaa mle. Waliokikalia kwanza ni watu waliokuja kumhukumu aliyekijenga.

Nikasema kosa langu. Nikasema nimekuja na randa, naifuta chapa yote sasa hivi, mbele yao.

Baba wa shemeji alikuwa hajafungua mdomo. Akafungua. "Ukifuta, kitabaki kidonda. Kila atakayepita ataona palipochongwa, atauliza nani alishindwa hapa. Leo wewe, kesho mjukuu wangu atamcheka mjukuu wako, watapigana kwa ajili ya kidonda. Usifute."

Wakazungumza mpaka jua likawa juu ya utosi. Uamuzi ukawa huu: kando ya kila chapa yangu ichomwe chapa ya nyumba yao, kama visima vya zamani vya watu wawili vinavyopigwa chapa mbili. Achome shemeji kwa mkono wake. Moto uwe wangu, mvukuto nivukute mimi. Na wale ndama niwalipe, jambo ambalo halina hadithi, nililipa.

Katikati ya maneno hayo afisa akaja anakimbia. "Jamani! Mnafanya nini hapa? Hiki kibanda ni cha wageni!"

Baba wa shemeji akaniuliza kijana anasema nini. Nikamtafsiria. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna mtu ila sisi na nzi.

"Mwambie akae basi," akasema. "Mgeni ni yeye."

Afisa akakaa. Alikaa mpaka mwisho, chini kabisa ya ule ubao wake unaosema hakuna binadamu aliyewahi kuishi pale, na binadamu wamemjaa pande zote.

Nguzo kumi na mbili ni nyingi ukiwa umeinama. Hooyo mwenyewe alileta makaa, nadhani ahakikishe. Shemeji alikuja na chuma chao, chenye ndoano kama mkia wa nge. Mimi navukuta, yeye anangoja kiwe chekundu, anakandamiza kwenye kazi yangu, kwenye gogo nililolichagua, nililolibeba, nililolisimamisha. Kila alipomaliza alinitazama usoni kabla hatujahamia nguzo nyingine. Heri angenitukana. Kule kibandani alichoma mara tatu, na yeye akairudia mpaka ikawa pana kama kiganja, hakupunguza hata unywele.

Alipomaliza ya mwisho akajipangusa jasho, akamwangalia hooyo, kisha mimi.

"Sasa chai," akasema.

Ningekomea hapo hadithi ingekuwa nzuri. Lakini baada ya siku kadhaa afisa akaja karakana na ubao mpya kwapani, umepakwa rangi nzuri. Alitaka nikautundike kwenye kibanda cha mtoni, wageni wameanza kuja na wanauliza ile michoro ni ya nini. Nikausoma kwa kidole. Umeandikwa: Alama hizi ni mapambo ya asili ya jamii za wafugaji.

"Mapambo," nikasema.

"Ndiyo. Tumewaweka na nyinyi sasa. Si ulilalamika?"

"Ulikuwepo. Ulikaa mle mpaka mwisho. Watu walikuwa wamebakiza siku moja kuumana kwa hayo mapambo. Ulidhani tunafanya nini, arusi?"

"Mzee, sikuelewa lugha."

"Ungeuliza!" Nilipiga kelele mpaka fundi wa saa wa ng'ambo ya barabara akatoka nje. "Mdomo ulikuwa nao! Huo ubao mmeshautia rangi kabla hamjauliza, kama ule wa kwanza, mnaandika kwanza halafu mnatafuta pa kutundika!"

"Umeshapakwa," akasema. "Usipoutundika wewe, niupigilie wapi?"

"Popote. Kwa mkono wako."

Akaenda. Nilimfuata nikaone, siwezi kukataa. Mti wa mkoma una nyuzi ngumu, haumpokei mtu asiyeujua. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukapinda. Wa tatu na wa nne ikashika kidogo, akaridhika, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa kwenye benchi langu, nahema kwa hasira peke yangu.

Ndipo baba wa shemeji akatokea vichakani na ng'ombe wake. Hakuomba ruhusa. Hakuitazama chapa yangu wala yao, alipita katikati kama mtu anayepita mlango wa nyumbani kwake. Ng'ombe mmoja mwekundu akasogea kwenye nguzo ya kibanda, akaanza kujikuna shingo. Nguzo haikutikisika, bila shaka. Ubao mpya ukatikisika mara mbili, ukadondoka.

Mzee akauangalia mchangani. "Unasema nini huo?"

"Unasema chapa zetu ni mapambo."

Akafikiri. "Aliyeandika amesoma?"

"Sana, adeer," nikamjibu kwa heshima ya mtoto kwa mzee. " Ana shahada."

"Maskini," akasema, akawapigia ng'ombe mluzi, wakashuka kwenye maji.

Ubao niliuacha palepale ulipoanguka.